Besi ya Lavonda Gaines

Kuanzia Richmond mpaka Hayward, ukimuuliza mtu yeyote mwenye spika kubwa kwenye gari ni nani anayeijua besi, ile sauti nzito ya chini ya muziki, atakutajia Lavonda Gaines. Asipomtaja, jua huyo ni mgeni au ana chuki zake binafsi. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na mdomo ambao haujawahi kukosa jibu. Studio yake ilikuwa nyuma ya gereji, Oakland Mashariki, chumba kilichobandikwa mabaki ya mazulia ukutani ili sauti isitoke, nayo ilitoka vilevile. Majirani walishazoea.

Kazi yake ilikuwa kumiksi. Prodyuza hutengeneza biti, rapa huchana mistari, kisha wote wawili huenda zao kula, na hapo ndipo Lavonda huanza kazi: kupandisha hiki, kushusha kile, kuhakikisha ngoma haimmezi mwenye maneno. Aliianza akiwa na miaka kumi na tano katika Kanisa la Kibatisti la Mlima Nebo, akikaa nyuma kabisa kwenye mashine ya sauti na kuficha makosa ya kwaya. Waumini walidhani kwaya ile imebarikiwa. Ilibarikiwa, ndiyo, ila na Lavonda.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kwa miaka kumi na tisa alimiksi kanda na santuri za nusu ya marapa wa upande ule wa ghuba, na jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye jalada hata moja. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya rapa, gari la rapa, mkufu wa rapa, shukrani kwa Mungu, kwa mama mzazi, kwa binamu walioko jela, kwa marehemu wote tangu mwaka wa themanini na tano. Aliyemiksi alisahaulika. "Shangazi Vonda, si unajua tunakupenda?" walimwambia. Alijua. Lakini mama yake, Bi Odessa, mstaafu wa kiwanda cha kusindika matunda, hakujua hata hilo. Yeye aliamini bintiye ana kazi ya kuwawashia watu mashine. Kila Jumapili baada ya ibada aliuliza lilelile: kama kazi ni yako, mbona hawakutaji? Swali hilo lilimuuma Lavonda kuliko alivyokubali.

Ndipo mwaka 2002, mwezi wa kumi, likaja jambo la mchezo.

Kampuni moja ya michezo ya kompyuta, ng'ambo ya daraja, ilikuwa inatengeneza mchezo wa magari ya mtaani, na ilitaka albamu nzima ya hip hop kwa ajili yake: nyimbo kumi na tatu zipigwe ndani ya mchezo, na nyimbo hizohizo ziuzwe madukani kwenye santuri za CD. Walimpa kazi Marcellus Boykin, ambaye mtaani anaitwa Selo, rapa na prodyuza kwa pamoja, kijana wa miaka ishirini na saba asiyejua kuongea kwa sauti ya chini. Selo aliwaambia hafanyi bila Lavonda. Na msimamizi wa muziki wa kampuni ile, Glenn Oyama, mtu mpole wa San Jose anayevaa raba hata kwenye mikutano, akaahidi: atakayemiksi, jina lake litaandikwa kwenye jalada na kwenye orodha inayopita mchezo ukiisha.

Lavonda alisikia neno hilo na hakuuliza lingine.

Alifanya kazi wiki tano, kwa namna inayofanywa huku kwetu. Ukimaliza wimbo unauchoma kwenye santuri, unatoka nao nje, unautia kwenye gari. Gari lilikuwa Chevi ya Selo, ya rangi ya zambarau, buti zima limejaa spika. Selo anapandisha sauti, Lavonda anazunguka nyuma, anasimama amefunga macho karibu na kibao cha namba ya gari. Namba ikitetemeka kwa kufuata mdundo, wimbo umeiva. Ikitulia, wanarudi ndani. Hakuna mtu hapa aliyewahi kutoa wimbo bila kupita kwenye buti, na nyimbo zote kumi na tatu zilipita vizuri. Wimbo wa tano uliangusha kofia ya fundi wa gereji iliyokuwa kwenye kigingi. Lavonda alijipongeza kwa sahani nzima ya kambare wa kukaanga.

Jumatatu wakaenda kampuni, yeye na Selo, vifua mbele.

Glenn aliwakaribisha kwenye chumba chenye kochi na televisheni ya kawaida, kama iliyoko sebuleni kwa mtu yeyote. Akautia wimbo wa kwanza kwenye mchezo, akashika kidude cha kuchezea, gari likaanza kukimbia kwenye kioo. Injini ikanguruma. Sauti ya Selo ikasikika, makofi yakasikika, na kile kimlio chembamba cha matoazi, tss, tss, tss. Besi haikuwepo. Si kwamba ilikuwa ndogo. Haikuwepo.

"Ongeza sauti," Lavonda akasema.

Glenn akaongeza. Selo wa kwenye televisheni akawa anapiga kelele kama mtu aliyefungiwa bafuni. Besi, wapi!

"Hiyo TV yenu mbovu, bwana Glenn."

"Bi Gaines, ndiyo TV waliyonayo watu wengi nchi hii," Glenn akasema kwa upole, na upole ule ulimkata maini kuliko tusi. "Mimi nazipenda nyimbo hizi. Lakini mtu atakuwa anacheza sebuleni, hatakuwa kwenye gari."

Hapo Lavonda akaona alichofanya, na uso ukamwaka moto. Nyimbo kumi na tatu za mchezo wa televisheni, na hakuna hata mmoja alioupitisha kwenye televisheni! Fundi wa New York angekuwa na kispika kibovu mezani kwa kazi hiyohiyo. Lakini Oakland, nani akae ndani kusikiliza muziki wakati gari liko nje? Wazo lenyewe halikumjia.

Glenn akaendelea. Wakubwa wake wana fundi wao, jamaa wa Los Angeles mwenye jina kubwa, yuko tayari kuzimiksi upya. Wanataka mikisi moja tu, ya mchezo na ya santuri, hakuna mbili. Anaweza kuwazuia mpaka Ijumaa, saa nne asubuhi.

"Ijumaa mbali," Lavonda akasema. "Alhamisi nitakuwa nimeshapumzika."

Njiani kurudi, Selo alilipuka kabla hata hawajafika darajani.

"Shangazi, usiniambie unataka kunitolea besi kwa ajili ya vispika vya plastiki! Watu watautia huo wimbo kwenye gari, gari likae kimya kama la mazishi. Nitahamia wapi mimi? Sacramento?"

"Nani kasema natoa besi?"

"Sasa utafanyaje?"

"Endesha gari, Selo."

Hakujua atafanyaje. Ila Lavonda hakuwa mtu wa kumwonyesha hilo kijana aliyemjua tangu akiwa anatembea bila viatu.

Jumanne kabla ya adhuhuri alikwenda kwa mama yake, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa na televisheni mbaya kuliko zote alizozijua, kitu kidogo kilichokaa juu ya friji, kikiwa na antena iliyofungwa kwa karatasi ya foili ya jikoni. Bi Odessa alikuwa mezani akichambua majani ya sukuma.

"Naomba hiyo TV siku tatu, Mama."

"Hadithi zangu za TV zinaanza saa sita."

"Nitakuletea nyingine, kubwa."

"Kubwa nitaiweka wapi? Na Victor leo anajua mtoto si wake. Nimesubiri tangu mwezi wa tatu, we Vonda. Siitoi."

Basi Lavonda akaleta kazi pale pale. Akachomeka kicheza santuri nyuma ya televisheni, akapiga wimbo wa tano, ule wa kofia. Bi Odessa alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya majani.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. "Mbona mtu anapiga makofi tu?"

Lavonda akazima. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano alihisi kulia, akajikaza, akavuta kiti na kuanza kuchambua sukuma na mama yake. Saa sita ikafika, hadithi ikaanza, Victor akajua, akavunja glasi. Kisha likaja tangazo la duka la fanicha la kule Mtaa wa Foothill, mzee anaruka juu ya godoro, na nyuma yake gitaa la besi linapiga.

Lavonda aliacha kuchambua, jani likiwa mkononi.

Besi ile ilisikika. Kwenye kispika kilekile, juu ya friji, noti moja baada ya nyingine, safi, ungeweza kuifuata kwa kidole.

"Mama, nani anapiga hiyo?"

"Si Shemasi Weatherspoon! Miezi mitatu anatutangazia kanisani, wewe ulikuwa wapi?"

Tangazo lilirudi mara mbili kabla hadithi haijaisha, na kila lilipopita Lavonda alipanda kitini na kubandika sikio kwenye televisheni, huku mama yake akimwambia atavunja shingo. Alipoelewa, alicheka peke yake. Besi ya Selo ni ya mashine, ina tumbo tu, yaani mngurumo wa chini, haina kichwa. Spika ndogo haina nguvu ya kubeba tumbo, kwa hiyo haibaki na kitu. Lakini Shemasi anapiga kwa kidole, kidole kinakwaruza waya, waya unagonga mbao, na mkwaruzo huo spika ndogo inauweza. Sikio likisikia kichwa, tumbo linajimalizia lenyewe. Alichohitaji ni kuibakisha besi ya Selo palepale chini, na kuiwekea kichwa.

"Mama, wewe ndiye umenitoa," akasema, akambusu juu ya kitambaa chake cha kichwa na kukimbia.

"Na sukuma nani atamaliza?" Bi Odessa akauuliza mlango.

Shemasi Hollis Weatherspoon alikuwa na miaka sitini na minane, suti siku zote, na gitaa alilolinunua kabla Lavonda hajazaliwa. Jumatano asubuhi alifika studio, akayatazama mazulia ya ukutani, akakaa, hakulitoa gitaa.

"Binti Odessa, mimi sipigi kwenye nyimbo za matusi."

"Hakuna matusi, Shemasi. Ni mchezo, watoto watacheza. Kampuni ilishayatoa yote."

"Basi nipe nisome."

Akavaa miwani akasoma mistari ya nyimbo kumi na tatu, ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, dakika arobaini. Selo alikuwa anazunguka chumbani kama anasubiri majibu ya daktari. Mwishowe Shemasi akakata mahali pawili.

"Hapa umesema haki ya Mungu. Jina la Bwana si la kuapia mbio za magari."

"Nitaweka haki ya mama," Selo akasema haraka.

"Na hapa umesema shemasi analala ibadani."

"Lakini hilo si tusi, mzee!"

"Si tusi. Ni uongo."

Lavonda aligeukia ukuta asionekane akicheka. Mzee yule alikuwa akilala kila Jumapili tangu yeye akiwa kwenye mashine ya sauti, lakini hiyo haikuwa siku ya kukumbushana. Selo akaingia kurekodi maneno mapya, akiwa amenuna, na shemasi wa kwenye wimbo akageuka kinyozi.

Kisha Shemasi akafungua gitaa. Selo alikaa kwenye kona, mikono kifuani, tayari kukataa besi ya kanisani kwenye nyimbo zake. Mzee akauliza noti ya kuanzia, akafumba macho, akaifuata besi ya mashine hatua kwa hatua, juu yake kidogo, hakuongeza mbwembwe. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio mikono ya Selo ilikuwa imeshashuka yenyewe.

"We mzee," akasema, "umekaa wapi siku zote hizi?"

"Mlima Nebo," Shemasi akajibu. "Kila Jumapili. Nimekuwekea nafasi."

Walirekodi Jumatano yote na Alhamisi asubuhi. Lavonda alinunua televisheni ya mtumba, mbovu kuishinda ya mama yake, akaiweka mezani, na kila wimbo ukapita mara mbili: kwanza kwenye televisheni, huku injini ya mchezo ikinguruma juu yake, kisha nje kwenye buti. Gitaa likizidi, namba ya gari ilitulia na Selo alipaza sauti kutoka nje. Likipungua, televisheni ilibaki na makofi. Alitafuta katikati mara kumi na tatu, na mara kumi na tatu akaipata. Alhamisi mchana, jua bado kali, alikwenda kulala akijua kama anavyojua jina lake kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Ijumaa saa nne, chumba kilekile, kochi lilelile. Glenn akapiga wimbo wa kwanza. Gari likaondoka kwenye kioo, na besi ikaondoka nalo. Glenn aliligongesha gari ukutani, kwa sababu alikuwa amegeuka kuitazama televisheni kwa nyuma, kana kwamba kuna mtu kaificha spika huko.

"Umefanyaje?"

"Nimefanya kazi," Lavonda akasema.

Wakasikiliza zote. Watu wa vyumba vingine wakaja kusimama mlangoni. Zilipoisha, Glenn alipiga makofi, akaitwa pembeni na wakubwa wake waliokuwa mlangoni, kisha akarudi, akakaa, akaanza kusugua magoti, na Lavonda akajua kuna neno.

"Wakubwa wameikubali. Inatoka hivihivi, hakuna wa kuigusa. Ila jalada..." Akazitazama raba zake. "Wanataka liandikwe jina la yule jamaa wa Los Angeles. Jina lake linauza. Wewe utakuwa kwenye shukrani."

Kwenye shukrani, pamoja na marehemu na binamu walioko jela. Lavonda hakupandisha sauti. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi, lakini zaidi alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hana haja ya kelele. Akainuka, akabonyeza kitufe, akatoa santuri yake kwenye mashine na kuirudisha kwenye kasha.

"Bwana Glenn, uliniahidi. Yule bwana ana masikio, mwambieni azimiksi. Hizi zinarudi Oakland."

"Bi Gaines, mkataba ni wa Selo, si wako. Nyimbo ni zake, akitaka anaweza kutuachia."

Hilo lilikuwa kweli, na wote watatu walilijua. Lavonda alimtazama Selo. Kijana yule alikuwa amengoja siku hii maisha yake yote, sura yake ilikuwa tayari imeshapigwa picha kwa ajili ya jalada. Kama angeinamisha macho tu, Lavonda asingemlaumu. Angeumia mpaka kaburini, lakini asingemlaumu.

Selo akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaongea kwa sauti ya chini.

"Huyu amenimiksi tangu sijaota ndevu," akasema. "Na kila jalada langu nimemshukuru muuza viatu, yeye sikumtaja. Mara hii hapana, kaka. Bila jina lake hakuna langu."

Akachukua kasha mikononi mwa Lavonda ili alibebe yeye, wakatoka. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi Glenn alipowafuata na raba zake, akihema, akawaomba wakae dakika kumi tu. Alikaa huko ndani dakika hamsini. Sauti zilisikika kupitia mlango, na moja kati ya zile za kupiga kelele, Lavonda aliapa baadaye, ilikuwa ya Glenn. Alipotoka alikuwa na karatasi yenye sahihi mbili na uso wa mtu aliyetoka kupigana.

Albamu ilitoka Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu. Selo na Shemasi walikuwa na mambo yao siku hiyo. Lavonda alinunua nakala moja, kwa pesa yake, akaipeleka moja kwa moja kwa mama yake, akaiweka mezani bila kusema kitu. Bi Odessa alifuta mikono, akatafuta miwani, akaligeuza jalada huku na huku.

"Mbona wameandika maandishi madogo hivi?"

"Soma tu, Mama. Mstari wa tatu."

Mama akalisogeza karibu na dirisha.

"Nyimbo zote zimemiksiwa na Lavonda Gaines, Oakland," akasoma, polepole, kama anasoma Zaburi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa tena. "Zote?"

"Zote, Mama."

"Kumi na tatu?"

"Soma tena," Lavonda akasema.

Bi Odessa akasoma tena, safari hii kwa sauti kubwa. Kisha akavuta simu ya ukutani, akaanza kupigia watu wa kanisani mmoja mmoja, akawasomea.